Karani Aliyenyoosha Maneno

Mtondooni, upande wa Pangani
20 Mei 1910

Kwa baba yangu Mbwana bin Mustapha, mfungwa, Gulwe

Shikamoo, baba. Naandika kwa herufi za Kizungu kwa sababu bomani wamesema barua ya mfungwa iliyoandikwa kwa herufi zetu za Kiarabu haifiki. Nasikia yuko karani huko anayewasomea na kuwaandikia. Naye nampa salamu, maana bila yeye mimi na wewe ni mabubu.

Sisi hatujambo. Mwantum ameacha kulia, sasa anakasirika tu, na hasira za dada yangu unazijua. Tangu walipokuchukua kwa kosa la kuwavusha wale watoro wa shamba la mkonge, mashua ilikuwa juu ya magogo imekauka. Nimeipiga kalafati mwenyewe, sasa haivuji.

Neno lenyewe ni hili. Akida anasema kivuko hakiwezi kukaa bila mtu. Amenipa mpaka Alhamisi ya tarehe saba Julai. Siku hiyo nivuke mlango wa mto mbele ya macho yake, mashua ikiwa na mzigo, niende na kurudi. Saa nichague mwenyewe, ili nisije nikalalamika. Nikishindwa, mashua na kivuko anampa shemeji yake.

Kasia nalijua, tanga nalijua. Lakini nilitoka hapa nikiwa na miaka minane kwenda shule Tanga, na ile ghuba ya Tanga imetulia kama uji bakulini. Hapa mto na bahari hugombana, na mimi sijui ugomvi wao. Nimewauliza manahodha. Mmoja kasema, kamwulize baba yako. Mwingine kanipa kisogo. Wanaogopa boma, baba, hata kusimama nami ufukweni hawataki.

Basi nifundishe kwa barua. Nivuke maji yakiwaje? Nielekeze wapi? Neno lako ndilo nitakalolifuata, hata kama watu wote watasema jingine.

Mwanao,
Athuman

*

Gulwe, kwenye kazi ya reli
6 Juni 1910

Kwa mwanangu Athuman bin Mbwana

Marahaba. Barua yako imesomwa, nikaomba isomwe tena. Mimi mzima, isipokuwa macho. Tulipasua jiwe kwa baruti, vumbi na vipande vikaniingia, na tangu hapo naona weupe tu. Usimwambie Mwantum.

Sikiliza sasa. Siku uliyopewa ni ya mwezi mwandamo, maji ya bamvua, yenye nguvu kuliko yote. Siku hiyo maji hufika juu kabisa saa kumi alfajiri, hushuka mpaka saa nne asubuhi, kisha hupanda tena mpaka saa kumi jioni. Kila siku inayofuata huchelewa robo tatu ya saa na kidogo. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, na siku hizo hata Mwantum angevuka kwa sinia. Akida si mjinga, alijua siku anayokupa.

Usivuke kama mtu anayekata uwanja. Unadhani unaenda mbele, kumbe mkondo unakupeleka ubavu. Tazama ng'ambo, chagua vitu viwili vilivyo mstari mmoja: ule mnazi uliopinda, na jiwe jeupe nyuma yake. Vikiachana, unachukuliwa. Geuza omo, kichwa cha mashua, kule mkondo unakotoka mpaka vikutane tena, ndivyo uende, omo pembeni na macho mbele. Watu watacheka kwamba huyu anakwenda upogo. Waache.

Na neno kubwa kuliko yote, lala nalo, amka nalo: vuka maji yanapopungua. Yakiwa yanajaa usitie mguu. Kaa ukingoni usubiri.

Mimi baba yako,
Mbwana bin Mustapha
kwa mkono wa karani Methusela

*

Gulwe
8 Juni 1910

Dada Loisi, huko Haneti

Mbukwa, dada. Habari za nyumbani, mwalimu mumeo na ng'ombe? Hapa vumbi na kelele. Reli imetupita inaelekea Dodoma, wafungwa wameachwa wavunje mawe ya kumwaga chini ya vyuma. Kazi yangu ni kuhesabu majina asubuhi na kuandika barua zao.

Yuko mzee mmoja wa pwani, kipofu, anaitwa Mbwana. Amefungwa mnyororo wa shingo na wenzake watano, na kwa kuwa haoni, hugonga mawe kwa kupapasa. Juzi nimemwandikia barua kwa mwanawe anayetaka kuvuka mto. Dada, ungemsikia! Anasema huko kwao mto hurudi nyuma, maji hupanda kwenda bara, mara mbili kila siku, na mvua haijanyesha. Nilijiuma mdomo nisicheke. Jua la mawe limemwingia kichwani, masikini. Hayo ya mwezi na saa niliyaandika kama alivyosema, hayana madhara.

Lakini akafika mahali akasema, mwambie avuke maji yanapojaa, na asithubutu kuvuka yakipungua. Kalamu ikanisimama. Wewe unajua kwa nini. Baba yetu alijua maji yanajaa, akasema atawahi, akaingia mto Kinyasungwe na ndama begani. Sisi tulimwona. Mtoto gani wa nchi hii hajui kwamba korongo likijaa unakaa, likipungua unavuka? Nimwandikie mtoto wa mtu afe kwa sababu baba yake amepigwa na jua?

Nikaligeuza neno lake. Nikaandika avuke maji yanapopungua. Nilipomsomea nilisoma kama alivyosema yeye, akaitikia kwa kichwa akaridhika. Nimetoka pale moyo wangu mweupe. Walimu wetu wa misheni walisema kalamu inaweza kuokoa mtu, nami nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza.

Ndugu yako,
Methusela

*

Haneti
21 Juni 1910

Mdogo wangu Methusela

Mbukwa. Ng'ombe wazima, uwele tumevuna kidogo, mwalimu anakohoa.

Barua yako nimeisoma, na mimi sikucheka. Tangu lini ukawa mwenye maneno ya watu? Ukitumwa kumpeleka mbuzi wa mtu, unamfikisha mbuzi huyohuyo, hata kama ana upele. Wewe bahari umeiona lini? Ulishakwenda mbali kuliko Kilosa? Mimi pia siijui, ndiyo maana ninaiogopa.

Baba alikufa kwa maji ya huku. Huenda ya huko yana tabia nyingine. Mwulize mzee mwenyewe, tena leo. Mwambie, mzee wangu, mimi ni mtu wa nchi kavu, nieleze. Akikuambia ulikosea, simu ya waya iko hapo stesheni, mwombe Mzungu wako akupigie. Usione haya. Haya ni ya siku moja.

Dada yako,
Loisi

*

Mtondooni
11 Julai 1910

Kwa baba

Shikamoo, baba. Ni mimi Mwantum. Herufi hizi nilifundishwa na kaka, usinicheke.

Kaka amekufa. Sijui namna nyingine ya kuandika.

Alhamisi asubuhi, saa moja, alishuka ufukweni. Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, yanakimbilia baharini, miti ya mikoko inatetemeka. Akida amekaa kwenye kiti chake. Watu walimwambia, Athuman, ngoja maji yaanze kujaa, leo bamvua, utatolewa nje. Na mimi nilimwambia, nikamshika shati. Akatoa barua yako mfukoni akawasomea kwa sauti: vuka maji yanapopungua. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema, Mbwana alikuwa akiwavusha watoro saa ambazo hakuna mtu mwingine aliyethubutu, huenda anajua njia yake. Basi wakanyamaza. Wote wakanyamaza kwa ajili ya jina lako, baba. Na mimi nikaachia shati.

Alielekeza omo bara kama ulivyomfundisha. Mnazi na jiwe alivishika vizuri mpaka katikati. Kisha mto na kupwa vikashikana, vikamchukua kinyumenyume mpaka mlangoni. Nje upepo wa kusi ulikuwa unavuma, mawimbi yamesimama juu ya fungu la mchanga. Tanga tuliliona mara mbili. Mara ya tatu hatukuliona.

Bahari ilimrudisha Jumamosi jioni, tumemzika jana. Mashua imerudi mbao nne. Akida alisema pole, na kivuko amempa shemeji yake siku ileile, kabla kaka hajapatikana.

Baba, nieleze. Hata mtoto wa miaka mitano hapa anajua kwamba mlango huvukwa maji yakianza kujaa, maana ukishindwa yanakurudisha nyumbani. Kwa nini ulimwandikia vile? Ulikuwa umelewa? Ulikuwa mgonjwa? Kwa nini, baba?

Mwanao,
Mwantum

*

Gulwe
29 Julai 1910

Dada Loisi

Sijui salamu leo. Yule kijana amekufa. Alikufa kwa mkono wangu, ule niliokuandikia kwamba umeokoa.

Uliniambia nimwulize mzee. Barua yako niliipata tarehe mbili Julai, zikiwa zimebaki siku tano, na simu stesheni iko pale uliposema. Sikumwuliza. Kila asubuhi nilisema kesho. Niliona haya kumwambia mzee kwamba nilimgeuzia maneno, na nilimwogopa Bwana Mkubwa, Mzungu wetu, maana karani anayebadili barua hupigwa kiboko na kufukuzwa. Siku tano, dada! Niliona haya siku tano.

Jana barua ya binti yake imefika. Wafungwa walikuwa wanapumzika, wakasogea wote wasikie, minyororo ikilia. Mzee akanyoosha shingo. Akasema, soma karani, kijana wangu amevuka?

Nikasema amevuka.

Nilikuwa nimeishika barua ya msiba na macho yangu yako juu yake, na kinywa changu kikasoma mambo mengine. Kwamba Athuman alikwenda akarudi. Kwamba akida alisimama akampa mkono. Kwamba dada yake anamsalimu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akawapapasa wenzake mmoja mmoja, huyu ndiye mwanangu, mnasikia? Wakampa tumbaku.

Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwa sababu alikuwa na furaha. Akasema, karani, kwenu maji yana mwenyewe mmoja, naye anakaa mlimani. Kwetu yana wenyewe wawili, mlima na bahari, wanapokezana. Yakijaa, bahari inasukuma kwenda ndani, na mtu aliyekosea hutupwa kwenye mikoko ya nyumbani kwake, akaamka na aibu tu. Yakipwa, wote wawili wanasukuma kwenda nje, na huko nje hakuna nyumbani. Ni maneno mepesi, dada. Ningeyaelewa siku ile kama ningeuliza.

Anataka kuandika jibu. Nitaliandika neno kwa neno. Likifika, binti atasoma yale maneno ya kweli na ataelewa mwenyewe, na mimi sitalazimika kusema. Najua unavyoniita sasa hivi unaposoma. Niite.

Methusela

*

Gulwe
31 Julai 1910

Kwa mwanangu Athuman, nahodha wa kivuko cha Mtondooni

Unasikia jina hilo? Nimemwambia karani aliandike juu kabisa.

Nimepata habari zako. Wenzangu wa mnyororo wamechoka kukusikia. Mmoja, mtu wa Kondoa, ameniambia mzee nyamaza, mwanao sasa tunamjua kuliko wake zetu. Sikunyamaza.

Umeona basi kwamba maji yanapojaa ni rafiki? Ndiyo maana nilikukazia: vuka yanapojaa, yakianza kupwa usitie mguu. Akida alitaka ukimbilie asubuhi ili umfurahishe, nawe ukangoja, ukavuka baada ya saa nne, sivyo? Nilijua utangoja. Mwanamaji ni mtu wa kungoja, kazi nyingine zote atafundishwa na kamba.

Sasa usivimbe kichwa. Kuna mlango wa pili, karibu na fungu la kaskazini, unaofunguka siku za bamvua peke yake. Huo usiuguse mpaka nirudi. Nimebakiza miaka miwili. Macho sina, lakini nikikaa tezini, nyuma ya mashua, nikaweka mkono majini najua tulipo, na wewe utakuwa macho yangu. Nalala nikifikiri jambo hilo, na mawe ya Gulwe yanakuwa laini.

Mpe Mwantum salamu, mwambie asikusumbue.

Baba yako,
Mbwana bin Mustapha
kwa mkono wa karani Methusela

*

Mtondooni
19 Agosti 1910

Kwa wewe karani Methusela, Gulwe

Sikusalimu.

Barua ya baba kwa nahodha wa kivuko imefika, na nahodha wa kivuko ana siku arobaini na moja kaburini. Nimeipokea mimi mbele ya watu waliotoka kumsomea kaka hitima. Nilidhani baba ameingiwa na wazimu. Kisha nikaileta ile ya kwanza, iliyokuwa imekauka na chumvi kwenye shati la marehemu, nikaziweka sakafuni mbili pamoja. Karatasi moja, wino mmoja, mkono mmoja. Moja inasema vuka yanapopungua. Nyingine inasema ndiyo maana nilikukazia vuka yanapojaa.

Baba yangu hajawahi kusema maneno mawili juu ya mlango ule. Basi ni wewe.

Sijui kwa nini. Nimefikiri akida alikutuma, lakini akida hakujui. Nimefikiri unatuchukia, lakini hutujui. Basi sijui, na usiniandikie kunieleza, maana nitaitia motoni. Wewe mjinga mwenye kalamu, fisi wa nchi kavu, uliyeiona bahari kwenye kikombe cha chai! Mbwa wa akida wamempa kaka heshima kuliko wewe, walimlilia ufukweni. Na juu ya hayo ukamficha baba kifo cha mwanawe, ukamwacha acheke. Umemwua kaka, ukamwibia baba msiba.

Na mimi niliandika barua ya kumlaumu baba. Nilimwuliza kama alikuwa amelewa. Niliachia shati la kaka kwa sababu yako, na kila asubuhi mkono wangu unalikumbuka.

Sasa utafanya hivi. Utakwenda alipo, utakaa chini, utamsomea ile barua yangu ya Julai yote, na hii yote, pamoja na matusi. Sina njia nyingine ya kufika kwa baba. Huyo mtu wa Kondoa angejua kusoma, baba asingekuhitaji, Mzungu hatakubali kukaa na mfungwa, nami nikija sitaruhusiwa kumkaribia. Mlango wangu wa kuingia kwa baba ni kinywa chako, na Mungu anajua ninavyokichukia.

Mwantum binti Mbwana

*

Gulwe
7 Septemba 1910

Kwa mwanangu Mwantum

Barua zako mbili zimesomwa. Ya pili nilimwamuru aisome tena. Nimejua kweli ni yako kwa matusi yake, hakuna karani anayeweza kuyatunga hayo.

Mwanangu, nimelia, na macho haya yasiyofaa kitu kumbe kulia yanajua. Arobaini ya Athuman imepita mimi nikicheka. Nimevuta tumbaku ya watu kwa ajili ya harusi ambayo ni matanga. Wenzangu leo hawasemi nami, wanaona haya kwa niaba yangu, na mnyororo umekuwa mfupi. Lile uliloniuliza, kwamba nilikuwa nimelewa, usilikumbuke tena. Ungeuliza nini kingine? Na shati usilikumbuke. Uliliachia kwa kunitii mimi.

Huyu karani yuko hapa mbele yangu anaandika. Ameniambia kwa nini. Baba yake alichukuliwa na korongo la huku, maji yalipokuwa yanajaa, naye alikuwa mtoto akamwona. Alidhani anamwokoa Athuman. Nimempa pole kwa baba yake, pole ya kweli, maana kifo cha maji nakijua. Kisha nimemwambia sitamsamehe. Nimemwambia aandike kwa jina lake: Methusela, sikusamehe. Nikaisikia kalamu ikisimama. Nikasema andika. Ikaendelea.

Anasema atakwenda kwa Bwana Mkubwa aseme kosa lake, apigwe, aletwe karani mwingine. Nimemkataza. Karani mwingine sitalijua kosa lake. La huyu nalijua.

Lakini nakaa hapa nasikiliza kalamu inavyokwaruza, na sijui inakwaruza nini. Labda ameandika sikusamehe. Labda ameandika nimekusamehe, kwa sababu ndilo alilotaka kulisikia. Anaapa kwa Biblia yake kwamba safari hii hakunyoosha hata neno moja. Nimefikiri nikuombe uniandikie umesoma nini, nipate kulinganisha. Kisha nikakumbuka kwamba jibu lako naye ndiye atakayelisoma.

Mbao za mashua usiziuze, usizichome. Zifukie.

Niandikie, mwanangu, kila meli ya barua. Sina mtu mwingine wa kunisomea ila huyu.

Baba yako,
Mbwana bin Mustapha
kwa mkono wa karani Methusela